Msiba ni wa Nani? Kutoka Nyalgunga hadi Kati Kati

Pale Kisian, mwendo mfupi magharibi ya Kisumu, barabara hugawanyika: moja hupanda Maseno kuelekea Busia, nyingine hushika njia ya Bondo. Mwisho wa wiki misafara ya mazishi hupita hapo, marehemu akirudishwa dala. Kwa Wajaluo, dala ndipo walipozikwa baba na babu. Nyumba ya mjini ni ya kulala tu.

Tofauti hiyo ilifikishwa mahakamani wakili Mjaluo S. M. Otieno alipofariki Nairobi tarehe 20 Desemba 1986. Mjane wake, Wambui, Mkikuyu aliyewahi kupigana upande wa Mau Mau, alitaka kumzika Upper Matasia, karibu na Ngong. Ukoo wa Otieno, Umira Kager, ukasema mtu wao atazikwa Nyalgunga, Siaya. Mwezi Mei 1987 Mahakama ya Rufani iliupa ukoo ushindi. Siku 154 baada ya kifo, Otieno alizikwa Nyalgunga, Wambui hakuhudhuria.

Wengi waliiona kesi hiyo kama vita vya makabila. Ndani yake mlikuwa na swali zito zaidi: mfiwa ana sauti gani katika msiba wake? Kando ya ziwa, msiba ni wa watu wote. Katika desturi ya tero buru, wanaume huswaga ng'ombe kwa mikuki na vishindo wakikifukuza kifo. Mjane haachwi peke yake, lakini pia hayuko huru: mila humpangia alale wapi na atoke lini.

Sinema ya Kenya ililishika swali hilo kwa sauti ya chini. Katika *From a Whisper* (2008), Wanuri Kahiu alirudi kwenye mlipuko wa bomu katika ubalozi wa Marekani, Nairobi, wa tarehe 7 Agosti 1998, akamfuata binti anayemtafuta mama yake. Mwaka 2016 Mbithi Masya akatoa *Kati Kati*, filamu iliyotunukiwa na wahakiki wa kimataifa huko Toronto. Kaleche anazinduka nyikani, mahali paitwapo Kati Kati, hakumbuki kitu, kisha anaambiwa kwamba amekufa. Wenzake wamekwama pamoja naye. Haondoki mtu mpaka akubali yaliyompata na aliyoyatenda.

Huko hakuna ukoo wala jaji. Uamuzi ambao Wambui alinyimwa, Masya amewakabidhi marehemu wenyewe, nao unawalemea: Thoma, kiongozi wao, anajua njia ya kutoka na bado haondoki. Uhuru bila mila, kumbe, nao una mzigo wake.

Wakazi wa Kati Kati wakitaka kitu, hukiandika kwenye karatasi, nacho hupatikana. Otieno, mtu wa sheria, hakuacha hata mstari mmoja wa maandishi kuhusu kaburi lake. Mjane alidai kuambiwa hili na mashahidi wa ukoo wakadai kuambiwa lile, na marehemu akabaki kusemewa.