Uyoga unavunja sumu, lakini zebaki hauiwezi

Wachimbaji wadogo wa dhahabu mkoani Singida, wakiwemo wa Sekenke wilayani Iramba, hutumia zebaki kukamatisha dhahabu. Sehemu ya zebaki hiyo hubaki kwenye marudio, yaani mabaki ya mchanga uliokwisha oshwa. Je, uyoga unaweza kuisafisha ardhi hiyo? Katika makala hii tunaeleza.

Kuvu, jamii ya viumbe yenye uyoga ndani yake, hutoa vimeng'enya nje ya mwili, huvunjavunja chakula hapo hapo kisha hukifyonza. Kuvu wanaoozesha miti, kama uyoga mamama, huvunja lignini, kitu kinachoupa mti ugumu. Vimeng'enya hivyo havichagui sana, hivyo huvunja pia baadhi ya kemikali za viwandani na mafuta ya petroli. Mwaka 1985 watafiti wa Marekani walionesha kuwa kuvu aitwaye Phanerochaete chrysosporium huvunja DDT.

Sumu ya namna hiyo tunayo nchini. Mwaka 1986 shehena ya tani 170 za viuatilifu, baadhi vikiwa vimekwisha muda, ilipelekwa shamba la Vikuge, Kibaha, mkoani Pwani. Banda la kuhifadhia liliporomoka na DDT ikaingia ardhini. Hata kwa DDT, kuvu huhitaji unyevu, chakula na muda mrefu, na sumu ikizidi huwaua wao wenyewe.

Zebaki ni jambo jingine. DDT ni muungano wa elementi kadhaa, kwa hiyo huvunjika. Zebaki yenyewe ni elementi, haina cha kuvunjwa. Uyoga huifyonza tu na kuihifadhi mwilini mwake. Kwa hiyo uyoga uliomea kwenye marudio au karibu na mahali pa kuoshea dhahabu usiliwe wala usiuzwe. Kuupika hakuondoi sumu hiyo.

Anayetaka kuotesha mamama kwa maganda ya alizeti, ambayo Singida hayakosekani, aoteshe mbali na machimbo na atumie maji safi.

Kwa zebaki, kinga ni kutoiachia. Tanzania iliridhia Mkataba wa Minamata wa kupunguza matumizi yake mwaka 2020. Mchimbaji anayechoma dhahabu atumie kifaa kilichofunikwa kinachonasa mvuke, afanye kazi hiyo mbali na jiko na watoto, na marudio yasisambazwe mashambani.