Kirukanjia Aliyegeuka Sifa

Mwambie mfanyabiashara wa Nairobi kwamba yeye ni "shrewd", atatabasamu. Umemsifu: ana jicho la kuona mambo mapema, na hadanganyiki ovyo. Lakini ungemwambia hivyo Mwingereza wa mwaka 1300, mngekosana. Enzi hizo neno hilo lilimaanisha mwovu.

Lilitoka wapi? Wataalamu wengi wa lugha hulirudisha kwa kijinyama kiitwacho "shrew", ndiye kirukanjia wetu, mwenye pua ndefu na umbo la panya. Waingereza walimwogopa. Waliamini ana sumu, na kwamba akimpitia ng'ombe mgongoni, ng'ombe hulemaa. Gilbert White, kasisi wa Selborne, alieleza dawa ya wazee wa huko katika kitabu chake cha mwaka 1789: walitoboa shimo kwenye mti, wakamtia kirukanjia humo akiwa hai, wakaziba. Vitawi vya mti huo ndivyo alivyopapaswa navyo mnyama mgonjwa.

Basi jina la kijinyama likawa tusi la mtu mbaya, awe mwanamume au mwanamke. Kisha njia zikagawanyika. "Shrew" akaachiwa mwanamke mwenye mdomo mkali. Shakespeare alipoandika The Taming of the Shrew miaka ya 1590, watazamaji hawakuhitaji kuuliza nani atatiishwa. "Shrewd" nayo ikapanda cheo pole pole: kutoka uovu hadi hila, kutoka hila hadi werevu wa kupima mambo.

Na sisi je? Hatukukopa kwa Mwingereza, ila tumefanya yale yale. Kirukanjia kwetu pia ni tusi, na anayerushiwa ni mwanamke anayesemekana kuhangaika na wanaume. "Mjanja" naye, ambaye asili yake ni mtu wa hila, mtaani siku hizi ni sifa kabisa.

Lakini sifa ya nani? Hebu simama Marikiti alfajiri usikilize. Mwanamume akishikilia bei ya gunia, utasikia, "Huyo ni mjanja, hachezewi." Mwanamke akiishikilia bei iyo hiyo, "Aah, huyo mama ana mdomo." Gunia ni lile lile, na hesabu aliyopiga kichwani ni ile ile. Siku naye atakapoitwa mjanja kwa heshima sawa, hapo ndipo neno litakuwa limefika.