Kisumu, Kituo cha Njia ya Durban

Ndege ikinyoosha juu ya maji ya Ziwa Victoria, kutoka Kisumu hadi Entebbe ni kilomita 255 hivi, safari ya chini ya saa moja. Anayepitia Nairobi huanza kwa kwenda mashariki kilomita 280, akabadilisha ndege, kisha akarejea magharibi kilomita 520 nyingine. Ukichora mstari wa Nairobi hadi Entebbe utapita karibu na Homa Bay, kwa hiyo abiria wetu huona tena dirishani ziwa aliloliaga asubuhi. Kilomita 800, na masaa ya kukaa kiwanjani hayajahesabiwa.

Zamani haikuwa hivyo. Februari 1931 shirika la Imperial Airways lilianzisha safari ya London hadi Mwanza, na Kisumu ikawa kituo. Mwaka huohuo reli ilifika Kampala kwa kupitia Eldoret na Tororo. Kisumu, ambayo tangu 1901 ndiyo iliyokuwa mwisho wa reli na mlango wa Uganda kwa meli, ikaachwa kando. Reli iliipa kisogo, ndege zikaipokea.

Sababu ilikuwa maji. Ndege zilizofika Kisumu wakati huo zilitua ziwani, na Ghuba ya Winam iliyo mbele ya mji haikuhitaji kufyekwa wala kusawazishwa. Ya kwanza kutumika, Short Calcutta, ilikuwa na injini tatu na nafasi ya abiria 15 ndani. Rubani mwenyewe alikaa juu, wazi, akipigwa na upepo. Ilipotua ilifungwa kwenye boya, na abiria wakapelekwa ufukweni kwa motaboti. Hao walikuwa maafisa wa serikali na watu wenye fedha zao. Mvuvi wa Dunga, ufuko wa Kisumu, aliitazama tu kutoka mtumbwini. Na hata hao wakubwa, tusisahau, walipakiwa pamoja na magunia ya barua, ambayo ndiyo hasa yaliyolipia njia hiyo.

Mwaka 1937 zikaja Short Empire, zenye mwendo wa kilomita 265 kwa saa. Kutoka Port Bell, bandari ya Kampala, hadi Kisumu ni kilomita 235 hivi, kwa hiyo hata saa haikutimia angani. Kutoka hapo zilielekea Mombasa, Dar es Salaam, Lindi, hadi Durban.

Mwendo huo haukuzuia kupotea. Machi 1939 ndege iitwayo Corsair, ikirudi Uingereza kutoka Durban, iliondoka Port Bell kuelekea Juba, ikapotea, na mafuta yalipokaribia kwisha ikatua kwenye Mto Dungu huko Faradje, Kongo. Haikuruka tena kutoka hapo hadi Januari 1940.

Italia ilipoingia vitani Juni mwaka huo, njia ya Mediterania ilifungwa. Safari za Uingereza na Australia zikaanzia Durban, zikapanda hadi Cairo kisha zikakata kuelekea Sydney, na Kisumu ikawa kituo cha njia hiyo pia. Baada ya vita, ndege za Solent za BOAC, shirika lililorithi Imperial Airways, zilitua Port Bell na kuendelea moja kwa moja hadi Victoria Falls. Kisumu ikarukwa. Mwaka 1950 BOAC iliachana kabisa na ndege za majini.

Leo Kisumu ina njia ya kurukia ya zaidi ya kilomita tatu, na tangu ukarabati uliozinduliwa na Rais Kibaki mwaka 2012 uwanja unaitwa wa kimataifa. Nyingi ya ndege zake huenda Nairobi.