Don't Stop the Music: wimbo mmoja, wenyewe watatu

Wadau, leo siasa tuziweke pembeni kidogo. Tuzungumze muziki, ingawa mtaona huko mbele kwamba habari yenyewe ni ya mali na haki kuliko ya kucheza.

Kama mwaka 2007 na 2008 ulikuwa na masikio, basi Don't Stop the Music ya Rihanna uliisikia hata kama hukutaka. Disko ilikuwepo, harusini ilikuwepo, redioni ndiyo usiseme. Mimi nilikuwa bado nasoma, na kile kiitikio kisichoeleweka ni cha lugha gani kila mtu alikiimba anavyojua yeye. Wapo walioapa kuwa ni Kiswahili. Mpaka leo nakutana na watu wazima wanaoniambia hivyo hivyo. Jamani, si Kiswahili. Na kwa nini si Kiswahili ndiyo hadithi yenyewe ya leo.

Tuanze na waliotajwa kwenye karatasi. Wimbo ulitoka mwaka 2007 katika albamu ya Good Girl Gone Bad, Rihanna akiwa binti wa miaka 19 kutoka Barbados. Waliotajwa kuwa watunzi ni Mikkel Eriksen na Tor Erik Hermansen, wale Wanorwei wawili wanaojiita Stargate, pamoja na Tawanna Dabney na Michael Jackson. Mwanzoni mwa 2008 ulifika nafasi ya 3 kwenye chati kubwa ya Billboard kule Marekani, na Ufaransa, Ujerumani na Australia ukashika namba moja. Ulitajwa hadi kwenye tuzo za Grammy kama wimbo wa kucheza. Kwa lugha ya mtaani, ilikuwa noma.

Sasa Michael Jackson anaingiaje hapo? Anaingia kwa sababu kile kiitikio kimechukuliwa kwenye wimbo wake, Wanna Be Startin' Somethin', unaofungua albamu ya Thriller ya mwaka 1982. Ulipotolewa peke yake mwaka 1983 ulifika nafasi ya 5 Marekani. Mwishoni mwa wimbo waitikiaji wanarudia maneno yale yale mpaka unahisi uko kwenye ngoma ya kijijini. Watu wengi wanaishia hapo, wanasema asili ni Michael, basi.

Asili si Michael. Turudi nyuma miaka 10 zaidi, twende Kameruni.

Manu Dibango alizaliwa Douala mwaka 1933. Mwaka 1949 wazazi wake walimpandisha meli kwenda Ufaransa kusoma, na mzigoni mwake walimwekea kilo 3 za kahawa za kuwalipa wenyeji watakaompokea. Hadithi ya maisha yake aliyoitoa baadaye kaipa jina hilo hilo la kilo tatu za kahawa. Shule haikumkolea, saksafoni ndiyo ilimkolea. Akiwa Ubelgiji alikutana na Joseph Kabasele, Grand Kallé mwenyewe, na mwaka 1961 akaenda naye Léopoldville, yaani Kinshasa ya leo, kupiga na African Jazz. Kwa hiyo ninyi mnaopenda rumba ya zamani, huyu mtu si mgeni kwenu, ila pengine hamkujua.

Mwaka 1972 Kameruni iliandaa Kombe la Mataifa ya Afrika. Dibango akatunga wimbo maalumu wa mashindano. Santuri ina pande mbili, na upande wa pili akaweka kitu chake alichokiita Soul Makossa. Makossa ni muziki na uchezaji wa Waduala, na yeye alilichukua neno hilo akalikatakata kama mtu mwenye kigugumizi, saksafoni ikijibu. Maneno machache, mdundo mzito. Ndiyo hayo mnayoyaimba na Rihanna.

Mpira ukachezwa. Kameruni ikafungwa 1-0 na Kongo Brazzaville kwenye nusu fainali, nyumbani kwao, ikaishia nafasi ya tatu. Wimbo wa mashindano ukafa na mashindano yake. Ungedhani na upande wa pili wa santuri nao umekwisha.

Haukwisha. DJ mmoja wa New York, David Mancuso, aliyekuwa akifanya sherehe maarufu mahali paitwapo The Loft, aliipata santuri hiyo kwenye duka la Wakaribi huko Brooklyn. Akaipiga, watu wakapagawa. Frankie Crocker wa redio WBLS naye akaanza kuipiga. Tatizo likawa moja tu: santuri zenyewe hazipatikani madukani. Basi bendi nyingine zikakimbilia studio kurekodi Soul Makossa za kwao ili ziuze kabla ya ya mwenyewe haijafika! Mwisho kampuni ya Atlantic ikachukua haki za kuiuza Marekani, na mwaka 1973 ikafika nafasi ya 35 kwenye chati ile ile ya Billboard, mtu wa Douala akipiga na kuimba ya kwao. Wanaoandika historia ya disko huutaja wimbo huu kati ya zile za mwanzo kabisa.

Ndipo sasa ikaja Thriller. Michael hakuchukua mkanda wa Dibango akaubandika, bali maneno yaliimbwa upya na kugeuzwa kidogo, ila anayejua Soul Makossa hawezi kukosa kuyatambua. Mtunzi aliyeandikwa ni Michael Jackson peke yake. Na albamu yenyewe ndiyo ile iliyouzwa kuliko zote duniani. Dibango akadai haki yake, na mwaka 1986 wakamalizana nje ya mahakama, akalipwa.

Hapa naomba msomaji utulie. Dibango alipata fedha, lakini kwenye orodha ya watunzi wa wimbo ule jina lake halikuingia. Miaka 20 na kitu baadaye, watu wa Rihanna walipokitaka kiitikio, ruhusa iliombwa kwa yule aliyeandikwa kwenye karatasi. Mawakili wa Dibango walidai kuwa Michael aliruhusu bila kumuuliza mzee. Wahenga walishamaliza: mali bila daftari hupotea bila habari.

Dibango akaenda mahakamani tena, Ufaransa. Mwaka 2008 jaji akaamuru jina lake litajwe kwenye santuri za wimbo wa Rihanna zitakazotolewa Ufaransa. Ushindi huo. Mwaka 2009 akarudi Paris kudai fidia ya euro 500,000, na huko akagonga mwamba. Mahakama ilisema madai hayapokeleki, kwa sababu alipokubali kumaliza kesi ile ya jina alikuwa ameshaachia madai ya fidia. Yaani mara ya kwanza alipata fedha bila jina, mara ya pili akapata jina bila fedha. Mzee hakuwahi kuvipata vyote viwili kwa pamoja.

Wapo watakaosema mbona Dibango naye alichukua? Neno makossa ni la Waduala wote, na hiyo soul iliyo kwenye jina la wimbo ni ya Wamarekani weusi. Ni kweli kabisa, na sioni ubaya wake. Muziki ndivyo unavyosafiri, na hata mimi naamini Michael aliupenda ule wimbo kwa dhati. Lakini Dibango aliyataja yote mawili waziwazi kwenye jina la wimbo, kila mtu akajua katoa wapi. Kuazima si dhambi. Dhambi ni kuazima halafu ukafuta jina la mwenyewe.

Nayaandika haya kwa sababu kazi hii ya uandishi inanipeleka studio za mtaani mara kwa mara. Namkuta kijana katengeneza mdundo usiku kucha, asubuhi kauuza kwa hela ya kula. Ukimuuliza mkataba uko wapi, anacheka. Ukimuuliza jina lake litaandikwa wapi, anasema watu wanamjua. Kaka, watu walimjua Dibango pia. Dai fedha, lakini na jina lidai siku hiyo hiyo, kwenye karatasi hiyo hiyo, maana atakayekuja miaka 25 baadaye ataisoma karatasi, hatakuuliza wewe.

Manu Dibango alifariki Ufaransa tarehe 24 Machi 2020 kwa ugonjwa wa Uviko, akiwa na miaka 86. Kwa hiyo wadau, wimbo ule ukipigwa tena mahali na mtu akakwambia ni Kiswahili, mjibu kwa upole: hilo neno ni la Waduala, na aliyelikatakata hivyo anaitwa Manu Dibango.

Nawasilisha.