Tarehe za Mwisho na Mgawanyiko wa Jumuiya: Majadiliano ya Biashara kati ya Afrika Mashariki na Umoja wa Ulaya, 2007–2024

Majadiliano ya Mkataba wa Ubia wa Kiuchumi kati ya Jumuiya ya Afrika Mashariki na Umoja wa Ulaya huelezwa mara nyingi kama mvutano kuhusu viwanda: nchi moja ilitaka soko, nyingine ilihofia bidhaa za Ulaya. Maelezo hayo si ya uongo, lakini hayatoshi. Makala haya yanadai kwamba kilichoigawa Jumuiya zaidi ni kalenda. Tarehe za mwisho zilizowekwa na Ulaya ziliwabana wanachama kwa uzito usiolingana, na aliyebanwa kwelikweli alikuwa mmoja tu.

Kuzungumza na Ulaya kwa sauti moja hakukuwa jambo geni. Mnamo Septemba 1969, Kenya, Uganda na Tanzania zilitia saini mjini Arusha mkataba wa ushirika na Jumuiya ya Kiuchumi ya Ulaya, baada ya mkataba wa 1968 kushindwa kuanza kutumika. Katika mkataba huo nchi hizo zilikubali kuipa Ulaya nafuu ya ushuru kwa baadhi ya bidhaa. Mkataba wa Lomé wa 1975 uliliondoa sharti hilo. Ni Mkataba wa Cotonou wa 2000 uliorejesha wazo la nafuu za pande zote mbili, ili biashara hiyo ilingane na kanuni za Shirika la Biashara Duniani, ambalo kibali chake kwa mfumo wa zamani kilikuwa kinaisha tarehe 31 Desemba 2007.

Hapo ndipo tofauti ilipojitokeza. Tangu 2001, Ulaya ilikuwa imezifungulia soko nchi zenye maendeleo duni kwa bidhaa zote isipokuwa silaha. Tanzania, Uganda, Rwanda na Burundi zilikuwa katika kundi hilo, Kenya haikuwamo. Pasipo mkataba, nchi nne zingeendelea kuuza Ulaya bila ushuru, ilhali maua ya Naivasha na mboga za Kenya zingetozwa. Hata hivyo zote tano, ambazo awali zilikuwa zimetawanyika katika makundi mawili ya majadiliano (Tanzania ikiwa upande wa kusini mwa Afrika), zilijikusanya upya na kusaini mkataba wa mpito kwa herufi za kwanza za majina mjini Kampala, tarehe 27 Novemba 2007. Ilikuwa hatua ya mshikamano, lakini iliyochukuliwa kwa haraka. Maswali magumu yaliahirishwa.

Maswali hayo yalichukua miaka saba. Je, nchi iruhusiwe kutoza ushuru mali ghafi inayouzwa nje ili isindikwe nyumbani? Je, nafuu itakayopewa nchi nyingine kubwa kibiashara ipewe na Ulaya pia? Ruzuku za wakulima wa Ulaya zishughulikiwe vipi? Wakati wajumbe wakibishana, Ulaya ilipitisha mwaka 2013 kanuni iliyoweka 1 Oktoba 2014 kuwa mwisho wa nafuu kwa nchi ambazo hazijakamilisha mikataba. Tarehe ikapita, na Kenya peke yake ikaanza kutozwa. Majadiliano yalihitimishwa katikati ya mwezi huohuo, na Kenya ikarejeshewa nafuu tarehe 25 Desemba. Ni vigumu kuamini kwamba hoja zilizoshindikana kwa miaka saba zilipata suluhu ya kitaalamu katika majuma mawili.

Kwa mujibu wa makubaliano hayo, Jumuiya ingeondoa ushuru kwa asilimia 82.6 ya thamani ya bidhaa kutoka Ulaya. Mara nyingi husahauliwa kwamba asilimia 65.4 tayari haikuwa na ushuru katika viwango vya pamoja vya Jumuiya. Ubishi halisi ulihusu sehemu iliyobaki, ambayo ingefunguliwa hatua kwa hatua ndani ya miaka 25.

Kenya na Rwanda zilitia saini tarehe 1 Septemba 2016. Tanzania ilikataa, ikitaja hatari kwa viwanda vyake na uamuzi wa Uingereza kujitoa katika Umoja wa Ulaya. Rais mstaafu Benjamin Mkapa aliupinga mkataba hadharani. Burundi nayo ilikuwa chini ya vikwazo vya Ulaya. Bunge la Kenya liliridhia mwezi huohuo wa Septemba, na hilo likaiwezesha nchi hiyo kubaki na nafuu zake. Kwa Dodoma na Bujumbura kusubiri hakukuwa na gharama ya ushuru, na serikali isiyolipia kuchelewa haina sababu ya kuharakisha.

Mnamo Februari 2021, Mkutano wa Wakuu wa Nchi uliruhusu wanachama walio tayari kuendelea na mkataba huo. Kenya ikasonga mbele: majadiliano yalihitimishwa Juni 2023, saini zikawekwa Nairobi tarehe 18 Desemba 2023, na utekelezaji ukaanza 1 Julai 2024. Masharti ya 2014 yalibaki kuwa msingi, yakiongezewa yale ya kazi na mazingira, na mlango uliachwa wazi kwa wanachama wengine kujiunga.

Ruhusa ya 2021 haikugusa tatizo la umoja wa forodha. Ushuru wa Kenya kwa bidhaa za Ulaya utakapokuwa ukipungua huku wa majirani ukibaki palepale, maofisa wa Malaba na Namanga watalazimika kuuliza tena bidhaa iliyo ndani ya lori ilitoka wapi kabla ya kufika Mombasa.