Kukamata si Kubana

Mchezo wa Dungeons & Dragons, uliotolewa Marekani mwaka 1974 na Gary Gygax na Dave Arneson, huchezwa mezani kwa masimulizi na dadu. Wachezaji wake hubishana mno juu ya mieleka, na ubishi huo, nionavyo mimi niliyefundisha lugha, ni wa msamiati. Kanuni za mwaka 2000 zilitenga hatua mbili, dadu zikirushwa mara kadhaa: kumkamata adui, kisha kumbana asisogee, hata hivyo aliyebanwa hakuhesabiwa kuwa hoi. Toleo la mwaka 2014 likalipunguzia uzito neno la kwanza. Aliyekamatwa haendi popote, lakini upanga wake angali huru kuutumia. Kubana kukaachiwa mwenye ustadi maalumu, na ajabu yake, mbanaji naye alibanika. Asomaye “kukamata” akadhani mikono imefungwa amesoma kamusi, hakusoma kanuni. Nasi Waswahili twazijua tofauti hizi: twamshika mtu mkono, twamkaba koo, twambana ukutani, twampiga mwereka, wala hapana adhaniaye kuwa aliyeshikwa mkono amekwisha kulazwa chali.