Baiskeli na Haki ya Njia katika Mtwara

Wahenga walisema, "Mwenye nguvu mpishe." Neno hili lina hekima kwa mtu aliyekutana na ndovu porini, maana ndovu hana sheria wala hasikii hoja. Lakini hekima hiyo ikitiwa barabarani hugeuka dhuluma. Barabara si pori. Imejengwa kwa kodi ya watu wote, na sheria imewekwa juu yake ili mnyonge apite salama kama apitavyo mwenye nguvu. Katika insha hii nataka kuonyesha kuwa mpanda baiskeli wa Magomeni, katika Manispaa ya Mtwara Mikindani, akidai mahali pake pa kupita haombi hisani. Anadai deni, na historia ya pwani yetu ya kusini ni shahidi wake.

Kwa karne nyingi mzigo wa nchi hii ulikuwa juu ya kichwa cha mwanadamu. Sababu yake haikuwa uvivu wa kufikiri, kama walivyodhani baadhi ya wageni. Sababu ilikuwa ndorobo, mdudu mdogo awezaye kuangamiza ng'ombe, farasi na punda. Mwezi Machi 1866 David Livingstone alishuka katika ghuba ya Mikindani, karibu na ilipo Magomeni ya leo, akiwa na ngamia, nyati wa kufugwa, baghala na punda aliowaleta kutoka Bara Hindi. Alitaka kujua kama wanyama hao wangestahimili ndorobo katika bonde la Ruvuma. Ndorobo, kazi nzito na mapigo ya watu waliowachunga viliwamaliza karibu wote njiani, na mzigo ukarudi kichwani. Hata katika Vita Kuu ya Kwanza, majeshi ya Waingereza na Wajerumani yalipofukuzana kusini mpaka Wajerumani wakavuka Ruvuma mwezi Novemba 1917, vyakula na risasi za pande zote mbili vilichukuliwa na wapagazi. Makumi ya maelfu ya wapagazi hao walikufa kwa maradhi, njaa na uchovu katika vita visivyokuwa vyao.

Chombo kilichokuja kupunguza mzigo huo kilizaliwa mbali. Mwaka 1885 John Kemp Starley, fundi wa Coventry katika Uingereza, alitengeneza baiskeli ya magurudumu yaliyokaribia kulingana, iendeshwayo kwa mnyororo. Mwaka 1888 John Boyd Dunlop, mganga wa mifugo aliyekaa Belfast, akabuni tairi la mpira lenye upepo ndani. Haja ya mpira ikapanda duniani, na watu wa Kongo chini ya Mfalme Leopold wakalipa kwa mikono yao iliyokatwa na kwa roho zao. Katika miaka hiyo hiyo mpira wa porini ulikuwa ukiletwa kutoka bara na kupakiwa vyomboni katika Mikindani na Lindi. Basi Afrika ilianza kuilipia baiskeli kabla haijaipanda.

Ilipofika kwetu, baiskeli haikuletwa vijijini na mpango mkubwa wa Serikali. Mwalimu aliinunua kwa mshahara wake, karani vilevile, na baadaye mkulima wa korosho wa uwanda wa Makonde akaipata kwa mauzo ya msimu mmoja mwema. Ndorobo hawakuweza kuidhuru. Haikutaka majani wala zizi, na iliweza kupita katika njia ya miguu isiyotosha motokaa. Kwa mara ya kwanza mtu wa kawaida wa kusini alikuwa na mnyama wa mzigo asiyekufa.

Tulinganishe jambo hilo na mipango ya wakubwa. Mwaka 1947 Serikali ya Uingereza ilianza mradi wa karanga katika Tanganyika, na Nachingwea ikawa mojawapo ya vituo vyake. Kwa ajili ya karanga hizo mji mpya wa Mtwara ulipimwa, gati la maji marefu likajengwa, na reli ikatandikwa kwenda bara. Mwaka 1951 mradi uliachwa, baada ya kumeza pauni zipatazo milioni 36. Bandari ilifunguliwa mwaka 1954, karanga zilizokusudiwa zikiwa hazipo. Reli nayo ilikosa mizigo ya kutosha, na mara baada ya Uhuru ikafungwa na vyuma vyake vikang'olewa. Leo ipo kata katika manispaa yetu iitwayo Reli, wala haina reli. Gari moshi limetuachia jina tu, ilhali baiskeli iliyodharauliwa ingali inachukua samaki, nazi, madumu ya maji, magunia ya mkaa, wagonjwa na wanafunzi.

Hapo ndipo deni lilipo. Chombo kilichowatumikia watu bila kuacha ndicho kilichosahauliwa kuliko vyote zilipochorwa barabara. Kila mchoro uliuliza motokaa itapita wapi, na baiskeli ikaachiwa ukingo wa lami, penye mchanga na mashimo. Katika miaka ya karibuni hatari imezidi. Malori ya saruji, ya korosho na ya makaa ya mawe yatokayo mkoa wa Ruvuma kwenda bandarini yamekuwa mengi. Pikipiki za abiria, zilizowekewa kanuni za leseni mwaka 2010, zimejaa mitaani. Ajabu ni kwamba pikipiki hizo zimeirithi baiskeli hata jina lake, kwa kuwa "bodaboda" wa kwanza walikuwa waendesha baiskeli waliovusha watu katika mpaka wa Kenya na Uganda.

Shirika la Afya Duniani lilieleza mwaka 2023 kuwa watu wapatao 1,190,000 hufa kila mwaka barabarani ulimwenguni, na kuwa zaidi ya nusu yao ni waendao kwa miguu, wapanda baiskeli na wapanda pikipiki. Mambo haya si majaliwa matupu. Mwendo wa gari ukiwa mara mbili, nguvu ya pigo lake huwa mara nne. Kwa hiyo penye watoto na soko, kupunguza mwendo hata kufikia kilomita 30 kwa saa ni kuokoa maisha, na mataifa yaliyokutana Stockholm mwaka 2020 yaliafiki hivyo.

Yuko atakayesema kuwa hayo ni mambo ya Ulaya, ambako watu wamezaliwa na njia za baiskeli. Sivyo. Uholanzi nayo ilikwisha kuzisahau baiskeli zake. Mwaka 1971 watu zaidi ya 3,000 waliuawa barabarani huko, na zaidi ya 400 kati yao walikuwa watoto. Wazazi wakaungana katika chama kilichojiita Komesheni Mauaji ya Watoto, wakakaa chini barabarani na kwenda kwa wakubwa, na wakati huo huo mafuta yakaadimika mwaka 1973. Njia za baiskeli wanazosifiwa leo zilitokana na madai hayo.

Kwetu pia wamekuwapo watu wa namna hiyo. Katika miaka ya 1990 ulifanywa mradi wa majaribio katika Temeke na Morogoro, na katika Nairobi na Eldoret nchini Kenya. Wakazi waliulizwa wapi pana hatari, na vivuko vya miguu vilivyoinuliwa vikajengwa ili magari yalazimike kupunguza mwendo. Baadaye Umoja wa Waendesha Baiskeli wa Dar es Salaam, UWABA, ulifanya misafara ya baiskeli mjini kudai njia salama. Barabara ya mabasi yaendayo haraka, iliyoanza kazi mwezi Mei 2016 na kupita katika Magomeni nyingine, ile ya Dar es Salaam, ilijengwa pamoja na njia za miguu na za baiskeli kandoni, ingawa pikipiki huziingilia. Mwaka 2018 Umoja wa Mataifa nao uliitenga tarehe 3 Juni kuwa Siku ya Baiskeli Duniani.

Yafaa basi watu wa Magomeni wajue mlango wa kubisha. Barabara kuu zi chini ya TANROADS, na mitaa ya mji i chini ya TARURA, iliyoundwa mwaka 2017. Mbele ya hao lipo Baraza la Madiwani, ambamo mwananchi ana mwakilishi wake. Madai yenyewe si makubwa: ukingo mgumu wenye upana wa kutosha baiskeli yenye mzigo katika kila barabara ipitayo malori, vivuko vilivyoinuliwa karibu na shule na masoko, na mwendo mdogo mahali hapo. Mambo hayo yakiingizwa katika mchoro tangu mwanzo, gharama yake ni sehemu ndogo tu ya gharama ya lami. Mpanda baiskeli naye ana wajibu wake: awe na breki nzima, taa usiku, na asipite upande usio wake.

Lililo gumu zaidi ni kuondoa aibu. Wengi wetu tumefundishwa kuiona baiskeli kuwa alama ya ufukara, hata kijana apatapo pikipiki huiona ya baba yake kama vazi lililochakaa. Na msichana akiipanda, bado yuko atakayemcheka, ijapokuwa shule yake iko mbali na miguu yake ni ileile ya nduguye. Hatuwezi kudai njia kwa ajili ya chombo tunachokionea haya. Baiskeli haili mafuta yanunuliwayo ng'ambo, haitoi moshi, humpa mwili afya, na fundi aliye chini ya mwembe aweza kuitengeneza. Watu wa kusini waliinunua kwa jasho lao wakati wengine wakifuja mamilioni. Madhali ndivyo, wanapoketi wahandisi na madiwani kuchora barabara ijayo ya Mtwara, mpanda baiskeli na akae nao mezani, aulizwe hupita wapi na huogopa wapi, na jibu lake litiwe katika mchoro.